Wasomaji Wanauliza: Dawa ya Picha Inazifanyia Nini Chembe Nyekundu za Damu?

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu dawa inayochomwa mshipani kabla ya CT scan, picha ya mishipa au MRI, ile ambayo wengi huiita "rangi" na wahudumu huiita kontrasti. Waliotuandikia ni wagonjwa, ndugu zao, wauguzi na mafundi wa maabara. Baadhi ya barua tumezifupisha.

SWALI: Fomu ya CT scan ya mama yangu imeandikwa "iohexol 300, ml 100". Je, hiyo rangi inaingia ndani ya chembe nyekundu na kuzipaka? Na 300 ni kipimo cha nini?

Haipaki chochote. Ni maji maangavu, yana mnato kidogo, na hayana rangi. Kazi yote inafanywa na iodini. Kila molekuli ya dawa ina pete ya benzini iliyobeba atomu tatu za iodini, na iodini huzuia eksirei kuliko damu au nyama, ndiyo maana mishipa hung'aa kwenye picha. Hiyo 300 ni miligramu za iodini katika kila mililita. Kwa hiyo ml 100 alizopewa mama zilikuwa na gramu 30 za iodini.

Molekuli hizi hupenda maji na hukwepa mafuta. Utando wa chembe nyekundu ni wa mafuta, hivyo dawa haipenyi ndani. Inabaki kwenye plazima na kwenye majimaji yaliyo nje ya seli mpaka figo ziitoe. Kwa mwenye figo nzima, nusu ya dawa huwa imeondoka baada ya saa 2 hivi, na ndani ya saa 24 karibu yote imeshatoka kwa mkojo.

Kinachoisumbua chembe kinatokea nje yake, na hapa inafaa kwenda polepole. Plazima ina osmolaliti, yaani nguvu ya kuvuta maji, ya takriban 285 hadi 295 mOsm (miliosmoli, kipimo cha nguvu hiyo) kwa kilo. Iohexol 300 ina kama 670, na iohexol 350 ina kama 840. Chembe ikizungukwa na kitu kinachovuta maji kwa nguvu mara mbili au tatu ya kawaida, maji yake hutoka kupitia utando. Chembe husinyaa, na mara nyingi uso wake huota vijimiiba.

Kusinyaa kwenyewe si tatizo kubwa. Tatizo ni ugumu. Chembe nyekundu ina upana wa maikromita 7 hadi 8, lakini kapilari nyingi ni finyu kuliko hapo, kwa hiyo ili ipite ni lazima ijikunje. Inaweza kufanya hivyo kwa sababu utando wake ni mpana kuliko kilichomo ndani, na kwa sababu hemoglobini iliyomo, takriban gramu 33 kwa desilita, bado ni ya majimaji. Maji yakipungua, hemoglobini inakolea, kilichomo ndani kinakuwa kizito, na chembe inapita kwa shida pale ambapo zamani ilikuwa inateleza.

Osmosisi, yaani huko kuvutwa kwa maji kupitia utando, hata hivyo haielezi kila kitu. Dawa zenye nguvu ya kuvuta maji sawa na ya damu pia zimeonekana maabara zikibadili umbo la baadhi ya chembe, maana molekuli za dawa zinagusana na utando wenyewe. Halafu kuna mnato. Iodixanol 320 ina osmolaliti ya 290, sawa kabisa na plazima, lakini kwa nyuzi 37 za Selsiasi mnato wake ni kama mara tisa ya ule wa plazima. Waliotengeneza dawa hizi walipopunguza kero moja waliongeza nyingine. Anayekwambia kuwa dawa fulani "ni kama maji ya damu" amekusimulia nusu ya habari.

Kwa CT scan ya kawaida, hali hii ni ya muda mfupi sana. Dawa inaingia kwenye mshipa wa mkono kwa kasi ya mililita 2 hadi 5 kwa sekunde, inachanganyika na damu yote moyoni na mapafuni, kisha inasambaa kwenye majimaji ya mwili. Baada ya hapo ongezeko la osmolaliti linabaki mOsm chache tu, na chembe hurudishiwa maji yake na umbo lake. Kwa kuwa ilichopoteza ni maji, haijapata jeraha la kudumu.

SWALI: Mwanangu ana selimundu, umri miaka 14. Daktari anataka CT scan ya tumbo yenye dawa. Jirani yangu, naye mzazi wa mgonjwa wa selimundu, anasema dawa hiyo huleta maumivu makali. Nikatae?

Usikatae kwa sababu hiyo. Hofu ya jirani ina asili yake, ila ni ya dawa za zamani.

Hemoglobini S, ile ya mgonjwa wa selimundu, hujipanga kuwa nyuzi ngumu pale inapokosa oksijeni, na kasi ya kujipanga inategemea sana jinsi ilivyokolea ndani ya chembe. Ikikolea zaidi kidogo tu, muda wa nyuzi kuanza kujengeka hufupika mno. Chembe nyekundu ya kawaida ikipoteza maji inakakamaa kwa muda. Chembe ya mtoto wako ikipoteza maji inaweza kuchukua umbo la mundu kabla haijatoka kwenye kapilari. Dawa za kizazi cha kwanza, kama diatrizoate, zilikuwa na osmolaliti ya 1,400 hadi 2,000, mara tano au zaidi ya plazima, na wasiwasi juu yao ulikuwa wa haki. Mwaka 1969 Torsten Almén, mtaalamu wa radiolojia wa Sweden, alichapisha hoja kwamba osmolaliti inaweza kushushwa bila kupoteza iodini, na kutoka hapo zikazaliwa dawa za leo zisizo na chaji ya umeme. Kwa hizi mpya, zikichomwa kwenye vena, miongozo ya radiolojia haioni sababu ya kumnyima mgonjwa wa selimundu kipimo anachokihitaji.

Yapo mambo ya kumuuliza daktari kabla ya siku ya kipimo. Dawa iwe ya osmolaliti ndogo au iliyo sawa na damu, na kipimo kiwe kidogo kadiri picha itakavyoruhusu. Mtoto asifike amekauka. Ule mtindo wa "usile wala usinywe tangu jana" una madhara kwake kuliko dawa yenyewe, na kwa CT scan nyingi maji ya kunywa hayana haja ya kusimamishwa. Kama anatapika au ana homa, awekewe dripu ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9 kwa kipimo cha daktari, lakini asijazwe, kwa sababu maji mengi kupita kiasi huenda kwenye mapafu, na mapafu ya mgonjwa wa selimundu hayavumilii hilo. Chumba cha CT huwa na baridi, basi afunikwe. Kama oksijeni yake iko chini, irekebishwe kwanza.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni figo. Kreatinini, taka ya misuli inayopimwa kwenye damu kujua hali ya figo, kwa mgonjwa wa selimundu mara nyingi husomeka chini kwa sababu misuli yake ni midogo na figo zake huitoa kreatinini kwa wingi. Jibu la "kawaida" linaweza kuficha figo iliyoanza kuchoka. Uliza kama mkojo wake umewahi kuonyesha protini.

Picha ya mishipa ya ubongo kwa njia ya katheta, mrija mwembamba unaoingizwa ndani ya mshipa, ni habari nyingine. Hapo dawa inamwagwa moja kwa moja kwenye ateri na chembe hukutana nayo ikiwa bado haijachanganyika. Vituo vingine humwongezea mgonjwa damu kwanza ili kushusha kiwango cha hemoglobini S. Uamuzi huo ni wa daktari wa damu, si wa chumba cha picha.

Mtu mwenye vinasaba vya AS tu, yaani aliyerithi hemoglobini S kwa mzazi mmoja na asiye mgonjwa, hahitaji maandalizi ya pekee.

SWALI: Dawa ilipoingia nilihisi moto mwili mzima na ladha ya chuma mdomoni. Damu ilikuwa inapasuka?

Hapana. Mishipa ilipanuka ghafla kwa sababu ya osmolaliti ya dawa, na damu ya joto ikafika kwenye ngozi. Hupita baada ya dakika moja au mbili. Vipele, kuwashwa, kukohoa au koo kubana ni mambo mengine kabisa, hiyo ni dalili ya mzio na unatakiwa kumwambia mhudumu papo hapo, ukiwa bado kitandani.

SWALI: Mimi ni fundi wa maabara. Nimeletewa sampuli kutoka chumba cha picha na slaidi imejaa chembe zenye miiba. Himatokriti ya sentrifuji na ile ya mashine hazilingani. Niandike nini?

Usiandike kitu kabla hujajua sampuli ilichukuliwa wapi na saa ngapi. Tatizo la kwanza kulishuku ni damu iliyotolewa kwenye kanyula (mrija mdogo wa mshipani) ileile iliyopitisha dawa. Mabaki ya dawa kwenye mrija, hata mililita moja tu, yakichanganyika na damu ya chupa ndogo hutosha kuzisinyaza chembe zote. Wagonjwa wa figo walio na urea nyingi nao huwa na chembe za miiba, kwa hiyo jibu la haraka laweza kumpeleka daktari njia isiyo yake.

Kutolingana kwa himatokriti, yaani sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu, kunakupa dokezo zuri. Katika mrija mwembamba wa sentrifuji chembe zinabaki ndani ya plazima yake yenye dawa, zimesinyaa, na himatokriti husomeka chini. Mashine huzitia kwanza kwenye kimiminika chake chenye osmolaliti ya kawaida. Dawa ikishapunguzwa mara mamia, chembe hunywa maji, hurudi ukubwa wake, na wastani wa ujazo unatoka ndani ya femtolita 80 hadi 100 kama kawaida. Ukikokotoa mkusanyiko wa hemoglobini kwa kila chembe kwa kutumia himatokriti ya sentrifuji, utapata namba ya juu kupita kiasi. Namba hizo zikikutana na miiba kwenye slaidi, shuku sampuli kabla ya kumshuku mgonjwa.

Miiba pia hutengenezwa na mikono yetu maabara: chupa ya EDTA (dawa ya kuzuia damu kuganda) iliyojazwa nusu, damu iliyokaa saa nyingi, slaidi iliyochelewa kukauka. Angalia mpaka mwisho wa slaidi. Chembe zote zikiwa na miiba inayofanana sehemu moja ya slaidi na zikawa laini sehemu nyingine, hiyo ni kasoro ya ukaushaji. Tengeneza slaidi mpya kutoka damu mbichi ndani ya saa 2 ulinganishe.

Upande wa biokemia pana mtego wake. Chupa zenye jeli hutegemea uzito wa tabaka: seramu juu, jeli katikati, chembe chini. Seramu ina uzito wa kama gramu 1.03 kwa mililita, jeli huwa karibu 1.04 au zaidi kidogo, na chembe nyekundu karibu 1.1. Iohexol 350 yenyewe ina gramu 1.4. Seramu ikiwa na dawa nyingi inakuwa nzito kuliko jeli, jeli inaelea juu, na seramu inabaki imegusana na chembe. Potasiamu yako hapo haifai hata kuandikwa. Sentrifuji tena haitengenezi kitu. Omba sampuli nyingine, kwenye chupa isiyo na jeli.

Ichukuliwe mkono wa pili, kwa sindano mpya. Jumuiya ya Ulaya ya Radiolojia ya Njia ya Mkojo na Uzazi imeshauri vipimo visivyo vya dharura viepukwe ndani ya saa 24 baada ya dawa, na kwa mgonjwa wa figo dawa hukaa zaidi ya hapo. Kama kipimo ni cha dharura, kifanye, ila andika kwenye jibu: "Sampuli imechukuliwa baada ya kontrasti, saa kadhaa", ukitaja saa zenyewe. Na kama mgonjwa alipewa gadodiamide, mojawapo ya dawa za gadolini, kwenye MRI, kalisi inayopimwa kwa mbinu ya rangi husomeka chini kwa uongo. Wapo waliotundikiwa kalisi kwa jibu la namna hiyo.

SWALI: Ninasaidia kwenye chumba cha katheta. Daktari hukasirika akiona damu imerudi ndani ya bomba la sindano lenye dawa. Si damu ya mgonjwa mwenyewe?

Ni yake, na anakasirika kwa haki. Damu ikikaa kwenye bomba pamoja na dawa hufanya mambo mawili. Chembe nyekundu kwa kawaida hupangana kama sarafu zilizolaliana, na plazima yenye fibrinojeni, protini ya kugandisha damu, ndiyo huziunganisha. Dawa ikiwa nyingi huvunja mpangilio huo, lakini chembe zilizokakamaa zinaweza kukusanyika ovyo kwenye tabaka lisilosogea. La pili ndilo hatari: kuganda. Dawa za zamani zenye chaji zilikuwa zinazuia damu kuganda kwa kiasi kikubwa. Za sasa zisizo na chaji huzuia pia, ila kwa udhaifu zaidi. Waliozoea zile za zamani walipohamia mpya walianza kukuta mabonge ndani ya mabomba na katheta. Bonge la milimita moja likisukumwa kwenye ateri ya moyo au ya ubongo halina pa kwenda ila mbele.

Fanya hivi. Ukivuta kuhakikisha hakuna hewa, acha damu iingie kidogo tu, na ielekeze juu ya dawa bila kuichanganya. Bomba lililoingiwa na damu nyingi litupe, usilihifadhi "kwa sindano inayofuata". Katheta isukumwe maji ya chumvi yenye heparini, dawa ya kuzuia kuganda, kila baada ya sindano, kwa mpango wa kituo chenu. Shika bomba mdomo ukiangalia chini, mkia juu, ili hewa ibaki nyuma.

Joto nalo lina kazi. Iohexol 350 kwa nyuzi 20 ina mnato wa kama 20 mPa·s, na kwa nyuzi 37 unashuka hadi kama 10. Ukiipasha kwenye kabati lake unasukuma kwa nusu ya nguvu, na inachanganyika na damu upesi zaidi. Usitumie maji ya moto wala tanuri la kupashia chakula, kwa sababu joto halilingani na hakuna anayejua limefika ngapi. Kwenye ateri za moyo, ambako mililita 3 hadi 8 hujaza mshipa mzima kwa sekunde chache, chembe zilizomo hukutana na dawa karibu tupu. Ndiyo maana hapo uchaguzi wa dawa na joto lake vina uzito kuliko kwenye vena ya mkono.

Na usiwahi kupitisha dawa ya picha kwenye mrija mmoja na damu ya kuongezwa, hata kama unaona ni kwa dakika mbili.

SWALI: Nina upungufu wa G6PD. Nimeambiwa niogope "rangi" zote. Na hii?

Kwa mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, hatari ni vitu vinavyooksidisha, vinavyomaliza kinga ya chembe nyekundu mpaka zipasuke. Methylene blue, rangi ya bluu ambayo baadhi ya wapasuaji huitumia kuonyesha mirija na tezi, ni miongoni mwa vitu hivyo, nawe uwaambie wazi kuwa huiwezi. Dawa ya iodini ya CT scan na ile ya gadolini ya MRI hazifanyi kazi kwa njia hiyo, na upungufu wa G6PD si sababu ya kuzikataa. Andika hali yako kwenye fomu hata hivyo.

SWALI: Hemoglobini yangu ni 7.8. Je, dawa itaishusha zaidi?

Haiharibu chembe kiasi cha kushusha hemoglobini. Kipimo kilichochukuliwa dakika chache baada ya sindano kinaweza kusomeka chini kidogo, kwa kuwa dawa imevuta maji kutoka kwenye tishu na seli hadi kwenye plazima, na damu imezimuliwa. Hali hiyo hupita.

Sababu ya kuitaja anemia yako kwa daktari ni figo. Sehemu ya ndani ya figo huishi na oksijeni kidogo hata kwa mtu mzima wa afya, shinikizo la oksijeni likiwa karibu 10 hadi 20 mmHg, na mishipa yake ni mirefu na myembamba. Hapo ndipo chembe zilizokakamaa, mnato na upungufu wa hemoglobini hukutana. Alama za Mehran, zilizochapishwa mwaka 2004 kwa wagonjwa wanaozibuliwa mishipa ya moyo kwa katheta, huhesabu anemia kama kigezo cha hatari: himatokriti chini ya asilimia 39 kwa mwanamume au 36 kwa mwanamke ni alama 3, na kila ml 100 za dawa ni alama 1.

Hayo ni ya ateri. Kwa CT scan ya vena, wataalamu wengi sasa wanakubaliana kwamba hatari kwa figo ilikuzwa kupita kiasi zamani. Makubaliano ya mwaka 2020 ya Chuo cha Radiolojia cha Marekani na shirika la figo la nchi hiyo yanaelekeza kinga hasa kwa walio na uchujaji wa figo (eGFR) chini ya mililita 30 kwa dakika, au figo zilizojeruhiwa karibuni. Kinga yenyewe ni maji ya chumvi ya asilimia 0.9, mara nyingi mililita 1 hadi 3 kwa kilo kwa saa, kuanzia saa 1 kabla na kuendelea saa 3 hadi 12 baada ya dawa. Mwenye moyo dhaifu asipewe bila daktari kupima uzito wa jambo hilo.

SWALI: Je, dawa ya MRI ni salama zaidi kwa chembe nyekundu? Na ile ya ultrasound?

Baadhi ya dawa za gadolini zina osmolaliti kubwa kuliko za CT: gadobutrol ni karibu 1,600, ingawa gadoteridol ni karibu 630 tu. Lakini kipimo ni kidogo, milimoli 0.1 kwa kilo. Mtu wa kilo 70 hupata mililita 14 ya dawa ya kawaida, au 7 ya gadobutrol iliyokolezwa mara mbili. Kiasi hicho hakitikisi damu ya lita 5.

Ya ultrasound si maji ya kuvuta maji, ni vipovu vya gesi vyenye wastani wa maikromita 2.5, vidogo kuliko chembe nyekundu, na vinapita palepale chembe zinapopita. Gesi yake hutoka kwa pumzi. Mawimbi yakiwa na nguvu nyingi vipovu hupasuka na vinaweza kuzipasua chembe zilizo karibu, jambo lililoonekana kwenye majaribio ya maabara na ya wanyama. Kwa hiyo mpimaji hushusha nguvu ya mashine kabla ya kuvichoma, na kuipandisha kwa muda mfupi tu anapotaka kuvipasua kwa makusudi ili aone damu mpya ikijaa.